Reale ya bibi imeingia weusi: uiache, uioshe, uichovye au uisugue?

Kwenye kisanduku cha marehemu bibi yangu, hapa Mkomani mjini Lamu, mlikuwa na reale mbili za Sham, sarafu za zamani za fedha. Zote zina sura ya yule mama mnene aliyejitanda ushungi, malkia Maria Theresa wa Austria, na zote zimeandikwa 1780. Moja ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Nyingine ilikuwa nyeupe pee, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Idd ikiwa kesho yake, nilikaa kibarazani nikaisugua kwa jivu na ndimu mpaka kidole gumba kikachubuka. Bibi hakunigombeza. Aliigeuzageuza kiganjani, akasema, "Umeivua nguo, mjukuu wangu," akairudisha kisandukuni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hapa mjukuu ndiye mimi.

Siku hizi watu hunijia na sarafu zao zimefundikwa kwenye pembe ya leso, na swali ni lile lile: niisafishe? Kila mmoja ameshapewa jibu na jirani. Mmoja kaambiwa dawa ya meno, mwingine ukwaju, mwingine aende kwa sonara, na wa nne kaonywa asiiguse abadan. Nitaziweka njia nne bega kwa bega, nizipime kwa vipimo vile vile. Sitataja mshindi. Sarafu ya kuuzwa, ya kuvaliwa shingoni na ya kumkumbukia marehemu haziombi matunzo ya aina moja.

Weusi huo umetoka wapi

Fedha haili kutu kama chuma. Hewa safi peke yake haiisumbui. Inachokipenda kwa ubaya ni salfa, hasa ikiwa katika ile gesi yenye harufu ya yai viza. Ukipita karibu na mikoko maji yakiwa yametoka, harufu inayokupiga puani kutoka matopeni ndiyo hiyo. Salfa imo pia katika raba, katika sufu, katika kadibodi za bei rahisi, na mji wenye punda wengi kama huu wetu haukosi samadi ya kuichangia hewa. Salfa ikikutana na fedha, tabaka la juu kabisa hugeuka kuwa salfaidi ya fedha.

Utando huo ukiwa mwembamba bado hauwi mweusi. Sehemu ya mwanga hurudi kutoka juu ya utando, sehemu nyingine hupenya na kurudi kutoka chini yake, na zikikutana baadhi ya rangi huuana, nyingine hubaki. Umeshaiona kazi hiyo gatini, pale dizeli ya boti inapotanda juu ya maji. Kwenye sarafu rangi huja kwa mpango: kwanza manjano ya dhahabu hafifu, kisha kahawia nyekundu, zambarau, buluu, na utando ukizidi kunenepa ndipo huja kijivu na weusi. Niliichukua ile reale nyeusi ya bibi nikaiinamisha dirishani jua la alasiri likiingia ubavuni. Kumbe si nyeusi. Ukingoni ina buluu ya usiku, kuzunguka herufi kuna zambarau, na shavuni mwa malkia, mahali pasipofikiwa sana na hewa kwa kuwa palilalia kitambaa, kuna doa la rangi ya asali.

La kushika hapa ni kwamba huo si uchafu uliobandikwa juu. Ni fedha ya sarafu yenyewe iliyobadilika. Njia nyingi za kuung'oa huondoka na fedha yake.

Kuna mabadiliko mengine mawili usiyachanganye na hayo. Sarafu iliyokaa baharini au kwenye mchanga wenye chumvi hufanya gamba la kloraidi ya fedha, kijivu kama nta, ambalo likipigwa na mwanga huelekea zambarau. Na kwa kuwa sarafu karibu zote zimechanganywa na shaba, shaba hiyo nayo huweza kutoka juu ikawa kijani.

Kwanza ijue uliyonayo

Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha. Mwaka 1780 usikudanganye. Ni mwaka aliofariki malkia, na sarafu zikaendelea kupigwa kwa mwaka huo huo usiobadilika, Vienna na baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham hata Bombay. Ya bibi yako huenda ikawa na umri wa bibi yako tu. Tazama ukingo: reale halisi ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Reale ya mzinga ni nyingine, ya Kihispania. Wazee waliziona zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake wakasema ni mizinga.

Rupia, iwe ya India, ya Wajerumani au ile ya Mombasa ya mwaka 1888 iliyotolewa na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ina gramu 11.66, na fedha yake ni 917 kwa 1,000. Hii ni fedha nzuri. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima, zile za 1921 hadi 1946, ina gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu. Za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Tofauti hii ina uzito katika uamuzi wako: shilingi ukiikwangua unafika upesi kwenye metali isiyopendeza, na hugeuka umanjano wa meno ya mvuta tumbaku.

Halafu kuna zile ambazo hata swali lisiulizwe. Riyali ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1882 (1299 Hijria) ni adimu. Na vile visarafu vidogo mno vya fedha, kama magamba ya samaki, vilivyochimbuliwa Shanga kisiwani Pate, vilipigwa papa hapa pwani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukiwa na kimojawapo cha hivyo, ruka mpaka mwisho wa makala.

Vipimo nitakavyotumia

Nitauliza mambo matano kila njia. Ni kitu gani kinaondoka juu ya sarafu? Ukijuta, kuna kurudi nyuma? Mnunuzi anayejua ataionaje? Taabu na gharama zake ni zipi? Na mwisho, inamfaa nani? Nilitaka kuongeza la sita, matokeo yatadumu muda gani kwa hewa yetu ya chumvi, lakini nimeliingiza humo humo.

Njia ya kwanza: kuiacha ilivyo

*Kinachoondoka.* Hakuna. Lakini kuacha si kutupa. Sarafu iliyoachwa kwenye kopo la kahawa pamoja na misumari na mipira ya raba haijaachwa, imetelekezwa. Kuiacha maana yake ni kuisimamisha hapo ilipofika: mahali pakavu, ndani ya kifuko cha plastiki isiyo PVC (ile plastiki laini inayotoa ute baada ya muda), na vile vijipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ishike kwa ukingo. Jasho la kidole lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole ikishakolea juu ya fedha haifutiki tena.

*Kurudi nyuma.* Njia zote nyingine bado ziko wazi mbele yako. Hakuna njia nyingine yenye sifa hii.

*Jicho la mnunuzi.* Wakusanyaji wengi huuthamini utando wa asili, na ukiwa na rangi nzuri zilizopangika huweza hata kupandisha bei. Lakini nisikupambe. Si kila weusi ni mzuri. Utando ukiwa mnene, mweusi ti, usio na uhai hata chini ya jua, mnunuzi hujua chini yake mng'ao umekwisha kuliwa, na bei hushuka. Rangi nzuri nazo zimezaa matapeli. Wapo wanaofungia sarafu pamoja na yai la kuchemsha au unga wa kiberiti ili ipate rangi kwa siku mbili. Rangi ya asili hufuata umbo, ikianzia ukingoni kwenda ndani na kujificha kwenye vivuli vya herufi. Ya kughushi hukatiza juu ya sura na herufi bila adabu, kama rangi iliyomwagika.

*Taabu.* Gharama ni ya kifuko. Taabu yake ni ya subira, na ya kuwaeleza wageni kwa nini hung'arishi vitu vya nyumbani mwako.

*Inamfaa* asiyejua bado ana sarafu gani, anayefikiria kuuza, na mwenye riyali, rupia nadra au sarafu isiyochakaa.

Njia ya pili: kuiosha bila kuisugua

Hii ndiyo watu huisahau, kwa sababu mtu akisikia kuosha mkono wake umeshatafuta brashi.

*Kinachoondoka.* Kile kilichokuja kutoka nje tu: vumbi, mafuta ya mkono, gundi, utomvu wa moshi wa udi (kasha la mama wa Kiswahili linafukizwa, na moshi ule huacha ukoko mwembamba unaonata), na ule ute wa kijani wa PVC. Huu wa mwisho ninaujua kwa machungu. Niliwahi kununua albamu nzuri ya mifuko laini, nikazipanga rupia zangu kwa miaka, nikafurahi. Mwaka wa tatu mifuko ikaanza kutoa jasho. Rupia nne zikawa na utelezi wa kijani, na harufu kama ya pazia jipya la bafuni.

Weusi wa salfa hauondoki kwa njia hii. Jua hilo mapema usije ukalaumu dawa.

*Jinsi yenyewe.* Usitumie maji ya kisima. Mji huu unanyweshwa na maji matamu yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, lakini visima vingi vya majumbani vina chumvi, na chumvi ndiyo unayoikimbia. Maji ya bomba nayo yana klorini. Nunua maji ya betri, yale ya kujazia, yasiyo na madini. Soma chupa mara mbili usije ukapewa asidi ya betri, maana huuzwa kwenye rafu moja. Laza sarafu humo kwenye bakuli la kioo usiku kucha. Kesho yake imwagie asetoni safi, ile dawa ya kuyeyusha gundi na mafuta, kwenye bakuli jingine la kioo, iache dakika kadhaa, igeuze kwa kibano cha mbao au plastiki, badilisha asetoni mara moja, kisha itoe uilaze juu ya kitambaa laini cha pamba ikauke yenyewe. Usifute. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwani huwa na mafuta na manukato. Na asetoni hushika moto kwa mvuke wake tu, kwa hiyo fungua madirisha, na seredani iwe nyumba ya pili.

*Kurudi nyuma.* Hakuna cha kurudia, kwa kuwa fedha haikuguswa. Asetoni haili fedha wala utando wake. Jambo moja la kushtua: wakati mwingine uchafu ukiondoka unafichua kilichokuwa chini, mikwaruzo ya zamani au lehemu. Hukuisababisha wewe.

*Jicho la mnunuzi.* Hana neno. Hata makampuni makubwa ya Marekani ya kupima ubora wa sarafu, PCGS na NGC, hayahesabu uoshaji wa namna hii kuwa kosa, maana hauachi alama.

*Taabu.* Kupata asetoni safi kisiwani ni kazi. Mimi huagiza Mombasa kwa mtu anayepanda basi, na lazima nimwambie ni nini, asije akaiweka karibu na jiko.

*Inamfaa* mwenye sarafu inayonata, yenye ute, gundi au moshi, na anayetaka kuijua vizuri kabla ya kuamua lolote zaidi. Kama weusi wenyewe ndio unaokukera, hii haitakutosha.

Njia ya tatu: kuichovya

Zipo mbili chini ya jina moja, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni dawa ya dukani ya kung'arisha vyombo vya fedha. Nyingi zina asidi na kemikali iitwayo thaiyurea. Unachovya sekunde chache, utando unayeyuka mbele ya macho yako kama sukari kwenye chai. Ni raha kuiangalia, na raha hiyo ndiyo hatari yake.

Ya pili ni ya jikoni. Bakuli unalitandika karatasi ya alumini, ile ya kufunikia vyakula, unatia baikaboneti ambayo wengine huitia kwenye bajia, unamwaga maji ya moto, kisha unaiweka sarafu igusane na alumini. Salfa inaiacha fedha na kuifuata alumini, na nyumba itanuka yai viza kwa dakika chache.

*Kinachoondoka.* Dawa ya dukani huuyeyusha utando pamoja na fedha iliyokuwemo. Njia ya alumini ni ya hisani zaidi kwa hesabu ya uzito, kwa sababu fedha iliyokuwa salfaidi hurejea kuwa fedha. Lakini hairejei ilivyokuwa. Inarudi kama unga uliojishikiza, wenye vishimo visivyoonekana, na uso hubaki mfu, mweupe wa chokaa. Sarafu mpya ina mng'ao unaotokana na mistari midogo sana iliyofanyika metali iliposukumwa kwenye muhuri wa chuma. Iinamishe chini ya taa uone mwanga unavyozunguka kama mapanga ya feni. Mchovyo mmoja mfupi huweza kuiacha mistari hiyo. Wa pili unaila. Wa tatu, feni imezima.

*Kurudi nyuma.* Hakuna. Rangi itakuja tena, lakini haitakuwa ile. Fedha iliyovuliwa hushika rangi upesi, na kama hukuisuuza sawasawa kwa maji ya betri, masalio ya dawa hufanya madoa ya kahawia mahali mahali. Kwa hewa yetu nimeona sarafu iliyochovywa ikaanza kugeuka manjano kabla ya kaskazi moja kwisha.

*Jicho la mnunuzi.* Hapa pana mgawanyiko wa kweli, na sitaki kuufunika. Wafanyabiashara wengi huchovya. Rupia isiyochakaa yenye madoa mabaya, ikichovywa mara moja na mtu mwenye mkono mwepesi, huweza kuuzwa bei nzuri kuliko ilivyokuwa, na wengi hawatagundua. Bali sarafu iliyotembea mikononi mwa watu miaka hamsini, mashavu yamesagika, kisha ikawa nyeupe kama iliyotoka jana, hiyo inajitangaza yenyewe. Uso mzee na ngozi mpya havipatani.

*Taabu.* Glavu, dirisha wazi, mbali na vyombo vya kulia, kwani thaiyurea si kitu cha kuchezea. Njia ya alumini haina sumu ya namna hiyo na gharama yake ni ndogo, lakini haikupi uwezo wa kusimama katikati kwa urahisi. Usiichovye sarafu yenye kijani cha shaba kwa yoyote kati ya hizo mbili.

*Inamfaa* mwenye sarafu ya kawaida isiyochakaa, yenye utando mbaya kweli, aliyekwishajaribu kwenye shilingi isiyo na thamani na kuona mkono wake ulivyo. Inawafaa pia wenye vito na vyombo vya fedha, lakini hiyo ni habari nyingine.

Njia ya nne: kuisugua

Jivu, ndimu, ukwaju, dawa ya meno, kitambaa cha kung'arishia, brashi ya sonara. Ukwaju hufaa sana kwa sinia la shaba, na ndipo watu wanapopotokea, wakidhani kilicho dawa kwa sinia ni dawa kwa sarafu.

*Kinachoondoka.* Utando, fedha iliyo chini yake, na sura. Niliziweka reale mbili za bibi pamoja, nikachukua kioo cha kukuzia. Kwenye nyeusi unaona mikunjo ya ushungi wa malkia, na lulu za bizimu begani zinahesabika. Kwenye ile niliyoisugua, mikunjo imekuwa kilima kimoja laini, na uwanja wote umejaa mikwaruzo myembamba ya duara, mamia kwa mamia, ikifuata njia ya kidole cha mtoto. Asubuhi moja tu ya Idd ilitosha.

*Kurudi nyuma.* Hakuna, na hapa hata muda hausaidii. Ile reale yangu nyeupe imeanza kuingia rangi tena. Rangi imekolea zaidi ndani ya mikwaruzo, kwa hiyo sasa inaonekana wazi kuliko ilipokuwa mpya.

*Jicho la mnunuzi.* Mkusanyaji huikataa au huinunua kwa uzito wake wa fedha. Makampuni ya kupima, ambayo hutoa alama kuanzia 1 hadi 70, sarafu kama hii huiandika kuwa halisi lakini imesafishwa, bila alama. Kwa reale ya Sham hiyo maana yake ni gramu 23 na nusu hivi za fedha safi, basi.

*Taabu.* Rahisi kuliko zote, ndiyo maana ina wafuasi.

*Inamfaa.* Nisiwe mnafiki: inamfaa mtu. Reale iliyokwisha kulehemiwa kipete ikawa kidani, au rupia kwenye mkufu wa bi harusi, imeacha kuwa sarafu ya kukusanywa tangu siku ile ya lehemu. Ni pambo. Pambo linatakiwa ling'ae, na masonara wa Lamu wanajua kulifanya ling'ae kuliko mimi na jivu langu. Hata hivyo mwombe asipige brashi sehemu za ndani. Weusi ukibaki mabondeni na weupe ukaja vileleni, sura inasomeka vizuri zaidi kuliko ikiwa nyeupe yote. Masonara wenye jicho hufanya hivyo bila kuombwa.

Sasa wewe uko wapi

Umerithi sarafu na hujui ni ipi: iache, itafutie kifuko, pima uzito kwa mizani ya sonara, soma ukingo. Wiki moja ya kujua haiwezi kukugharimu chochote. Mzani wenyewe huweza kukuambia kama ni ya kughushi, kwani zimejaa.

Unataka kuuza: usiguse zaidi ya njia ya pili. Mwache mnunuzi aamue kuchovya kwa hatari yake. Anayekuambia "isafishe kwanza ndipo uniletee" ama hajui, ama anatafuta sababu ya kukushusha bei.

Ni shilingi za simba, nyingi, za kuwaonyesha watoto: njia ya pili inatosha, na moja au mbili zilizochakaa unaweza kuzitoa mhanga ili watoto waone alumini ikifanya kazi. Harufu yenyewe ni somo la kemia.

Ina ute wa kijani unaonata: asetoni leo, na albamu itupe. Ikiwa kijani ni cha ungaunga, ukikipangusa kinarudi baada ya siku chache, hiyo ni shaba inayoliwa na chumvi. Iweke mahali pakavu kabisa, mbali na zenzake, na umwone mtu wa makumbusho.

Ni kidani au mkufu unaovaliwa: sonara, au kitambaa laini mara chache kwa mwaka. Ukikivaa mara kwa mara hakitaingia weusi sana. Msuguano wa nguo unatosha.

Ni kumbukumbu tu, haiuzwi, lakini weusi unakutia huzuni: hapa sina haki ya kukuzuia, mali ni yako. Naomba tu uioshe kwa njia ya pili kwanza, kisha uiinamishe dirishani saa kumi jua likiwa limelala. Kama bado hujaona chochote cha kupenda, chovya kwa alumini, dakika moja, na picha uwe umepiga kabla.

Na kama umeiokota mchangani, Shanga, Manda, Takwa au popote kwenye magofu, au imenasa kwenye wavu: usioshe, usichovye, usikwangue hata kwa ukucha. Gamba lile la kijivu mara nyingi ndilo lililobeba maandishi, na fedha iliyo chini huwa imekauka inavunjika kama biskuti. Tena si mali ya kuuza barabarani. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inataka ugunduzi wa vitu vya kale utolewe taarifa, na kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ifunge na mchanga wake ndani ya kikopo kidogo, andika kwenye karatasi mahali na siku uliyoiokota, uende nayo Makumbusho ya Lamu pale ufukweni.